Kura 37 za Mwalimu

Wengi wetu tunamjua Julius Nyerere kwa sura yake kwenye noti ya elfu moja na kwa mapumziko ya Oktoba 14. Mimi nimerudi kumsoma kwa sababu nyingine: umoja wa wanafunzi tunaotoka Itumba unaandika upya katiba, na ubishi mkubwa ni akidi na kiwango cha kura.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1953 wanachama wa TAA walimchagua kuwa rais badala ya Abdulwahid Sykes. Julai 7, 1954 ikazaliwa TANU, na mwaka uliofuata Mwalimu akaacha chaki.

Mtihani ulimkuta Tabora, Januari 1958. Wakoloni walileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walikuja wakitaka kususa. Mwalimu aliona kususa ni kuwaachia wengine viti bure. Wakabishana kwelikweli, kisha wakapiga kura: 37 washiriki, 23 wasishiriki.

Hebu piga hesabu. Kura ni 60. Kwa wingi wa kawaida, 31 zinatosha. Kanuni ingekuwa theluthi mbili, zingehitajika 40, na Mwalimu angepungukiwa kura tatu. Watu wale wale, hoja zile zile, jibu lingine kabisa.

Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka na kuanzisha chama chake. TANU ikashiriki, ikashinda, na Desemba 9, 1961 nchi ikawa huru. Mwalimu aliachia urais mwaka 1985. Tume ya Nyalali ilipokuta karibu asilimia 80 wanataka chama kimoja kiendelee, yeye alikuwa upande wa kuwasikiliza wale wachache, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Alifariki London mwaka 1999.

Kwa hiyo wenzangu mnaosema tuandike tu kwamba waliohudhuria wataamua, mimi nakataa. Watu sita wasije wakapandisha michango ya wote. Akidi iwe nusu ya wanachama. Mambo ya kawaida yapite kwa wingi wa kawaida. Kubadili katiba au kumfukuza mtu, theluthi mbili ya waliopo. Na tuyaandike sasa, kabla hatujajua nani atashindwa.