Frank Hornby

Frank Hornby (15 Mei 1863 – 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni Meccano, seti ya vipande vya chuma vyenye matundu ambavyo mtoto huviunganisha kwa bolti na nati ili kujenga kreni, daraja, gari au mashine nyingine. Kampuni yake ndiyo iliyotoa pia treni ndogo za Hornby na magari madogo ya Dinky Toys.

Hornby hakuwa mhandisi, wala hakusomea ufundi wowote. Sehemu kubwa ya maisha yake, hadi alipopita umri wa miaka 40, alikuwa mtunza hesabu ofisini.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika mtaa wa Copperas Hill, mjini Liverpool. Baba yake, John Oswald Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Mama yake aliitwa Martha Thomlinson. Frank aliacha shule akiwa na miaka 16 akaanza kazi katika biashara ya baba yake kama karani wa fedha. Tangu utotoni alivutiwa na habari za wavumbuzi waliohangaika miaka mingi kabla ya kufaulu, ambazo alizisoma katika kitabu cha Samuel Smiles kuhusu kujitegemea. Alijaribu kutengeneza vitu mbalimbali, lakini hakuwa na zana za kutosha, na majaribio hayo hayakufika mbali.

Mnamo Januari 1887 alimwoa Clara Walker Godefroy, aliyekuwa mwalimu wa shule. Walipata watoto watatu: Roland, Douglas na Patricia. Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ya familia ilifungwa. Frank akaajiriwa kutunza vitabu vya hesabu kwa David Hugh Elliott, mwagizaji wa nyama kutoka nchi za nje.

Uvumbuzi

Jioni, baada ya kazi, Hornby alikuwa akiwatengenezea wanawe wawili vitu vya kuchezea kwa kukata bati kwa mkono. Alitengeneza madaraja, malori na kreni. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na kila modeli mpya ilidai vipande vipya. Kreni ikichosha, vipande vyake havikufaa kitu kingine.

Hapo ndipo lilipo wazo lake kubwa, nalo ni rahisi kiasi cha kushangaza kwamba halikutumiwa mapema zaidi katika vitu vya watoto. Aliona kwamba kama vipande vyote vingekuwa na upana mmoja, na matundu yake yakawa na ukubwa uleule na kuachana kwa umbali uleule, basi kipande chochote kingeweza kufungwa kwenye kingine. Umbali aliouchagua ulikuwa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Matundu hayo yalifanya kazi mbili: yalipitisha bolti za kufungia, na pia yalipitisha ekseli za magurudumu, hivyo kipande kilekile kiliweza kuwa nguzo ya daraja leo na chasisi ya gari kesho. Modeli ikifunguliwa, hakuna kilichopotea.

Mwanzoni hata bolti na nati alilazimika kuzitengeneza mwenyewe, kwa sababu zile za ukubwa mdogo alizozihitaji hazikupatikana kwa urahisi.

Mnamo Januari 1901 alipata hataza ya uvumbuzi wake. Fedha za kulipia hataza hiyo hakuwa nazo. Alikopa pauni 5 kutoka kwa mwajiri wake, Elliott. Baadaye Elliott alimpa nafasi ya kufanyia kazi jirani na ofisi yake mwenyewe na wakawa washirika. Ni vigumu kuona jinsi mradi huo ungeanza bila yeye.

Seti za kwanza ziliuzwa kwa jina la Mechanics Made Easy. Kila seti ilikuwa na aina 16 za vipande pamoja na kijitabu chenye maelekezo ya kujenga modeli 12. Vipande vilikuwa vya bati lenye kingo zilizokunjwa na havikupendeza sana. Wenye maduka hawakuvichangamkia, na bei ilikuwa juu kwa wazazi wengi. Hornby alipeleka kazi yake kwa Profesa Henry Selby Hele-Shaw, mkuu wa uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, ambaye aliiunga mkono kwa sababu iliwafundisha watoto kanuni za kweli za mitambo. Barua ya profesa ilisaidia kufungua milango. Hata hivyo miaka mitano ilipita kabla ya biashara kupata faida kwa mara ya kwanza, mwaka 1906, na muda wote huo Hornby aliendelea na kazi yake ya hesabu.

Kampuni ya Meccano

Mwaka 1907 jina Meccano liliandikishwa kuwa nembo ya biashara, na Mei 1908 kampuni ya Meccano Ltd ilianzishwa. Elliott hakuendelea katika kampuni hiyo mpya. Hornby sasa alikuwa amejitosa mzima. Karakana ya kwanza ilikuwa katika mtaa wa Duke Street, na mwaka 1914 kiwanda kikubwa kilifunguliwa katika barabara ya Binns Road, ambacho kilibaki kuwa makao ya kampuni kwa miaka 65.

Mauzo yalivuka mipaka mapema. Mwaka 1912 kampuni tanzu ilianzishwa mjini Paris, na nchini Ujerumani yalifanyika mapatano na kampuni ya Märklin. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilivunja uhusiano huo wa Kijerumani.

Hornby alielewa kwamba mtoto aliyemaliza kujenga modeli zote za kijitabu atachoka asipopewa nyingine. Kwa hiyo mwaka 1916 alianzisha jarida la Meccano Magazine, lililokuwa na michoro ya modeli mpya pamoja na makala kuhusu reli, meli, madaraja na ndege. Miaka michache baadaye vikundi vya watoto wajenzi viliunganishwa katika umoja mmoja. Seti nazo zilipangwa kwa namba, na mwenye seti ndogo aliweza kununua nyongeza ikawa kubwa zaidi, badala ya kutupa aliyonayo. Hapa mtunza hesabu alionekana waziwazi.

Mwaka 1926 vipande vilianza kupakwa rangi nyekundu na kijani badala ya kung'aa kwa nikeli tu. Matangazo na masanduku ya Meccano yaliwalenga wavulana. Wasichana walioijenga walikuwapo, lakini kampuni haikuzungumza nao, na hiyo ni kasoro ya mradi uliojisifu kwa kufundisha sayansi.

Treni na magari madogo

Kabla ya vita, viwanda vya Ujerumani vilitawala soko la treni za kuchezea. Mwaka 1920 Hornby alitoa treni zake mwenyewe, za bati, zilizoendeshwa kwa springi inayojazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Treni za umeme zilifuata baadaye.

Mwenye treni alihitaji pia stesheni, abiria, wanyama na magari ya kuweka kando ya reli. Kampuni ilianza kutengeneza vitu hivyo, na mwaka 1933 ikatoa seti ya magari sita: mawili ya abiria, lori, gari la kusambazia bidhaa, trekta na kifaru. Mwaka 1934 magari hayo yalipewa jina la Dinky Toys. Watoto waliyapenda hata wasio na treni, na kwa muda mfupi yakawa bidhaa inayojitegemea.

Magari ya Dinky yalitengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu, kisha kupakwa rangi na kukaushwa kwa joto. Ya kwanza yalikuwa ya risasi, na baadaye aloi ya zinki ilitumika. Aloi hiyo ilikuwa na hatari moja. Ikichanganyika na risasi hata kidogo, modeli huanza kupasuka na kumeguka yenyewe baada ya miaka mingi. Ndiyo maana magari mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yamekuwa vumbi katika makabati ya wakusanyaji, hata yale ambayo hayakuwahi kuguswa na mtoto.

Miaka hiyohiyo ya 1930 kampuni iliuza pia seti maalumu ya kujengea magari, yenye chasisi, mabawa ya matairi, bodi na mtambo wa springi. Mtoto aliweza kuunganisha gari la michezo au la abiria kwa namna mbalimbali. Seti hiyo ni miongoni mwa watangulizi wa modeli za magari za kuunganisha zinazouzwa leo.

Kipimo

Modeli hutofautiana na kitu cha kuchezea cha kawaida kwa sababu hufuata kipimo. Magari mengi ya Dinky yalikaribia kipimo cha 1:43, yaani gari lenye urefu wa mita 4.3 huwa na sentimita 10. Treni za Hornby Dublo, zilizotolewa mwaka 1938, zilifuata 1:76. Kwa kipimo hicho umbali wa kilomita 80 hivi kati ya Moshi na Arusha ungekuwa zaidi kidogo ya kilomita 1, na mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 ungekuwa na kimo cha mita 77 na ushei, mrefu kuliko jengo lolote la mjini Moshi. Mwenye kujenga mandhari ya reli nyumbani hulazimika basi kudanganya kidogo milima yake.

Siasa na kifo

Mwaka 1931 Hornby alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Everton, Liverpool, kwa tiketi ya chama cha Wahafidhina, akashika kiti hicho hadi 1935. Kazi yake bungeni haikuacha alama kubwa. Wakati huo alikuwa tajiri, akiishi Maghull, nje kidogo ya Liverpool.

Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa maradhi ya moyo na kisukari. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936, akazikwa katika kanisa la Mt. Andrea huko Maghull. Mwanawe Roland alichukua uenyekiti wa kampuni. Binti yake Patricia alikuwa ametangulia kufa akiwa bado mdogo.

Kampuni baada ya Hornby

Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ilibadilisha kila kitu. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, ilikuwa ikitengeneza vitu kama vitana kabla ya kutoa modeli yake ya kwanza mwaka 1949. Modeli hiyo ilikuwa trekta la Ferguson, jina linalojulikana vizuri kwa wakulima wa Tanzania.

Modeli ya plastiki hufika sandukuni ikiwa vipande vilivyoshikamana na fremu. Mjenzi huvikata kwa kisu, husawazisha kingo kwa tupa au msasa, kisha huvigandisha kwa gundi inayoyeyusha kidogo uso wa plastiki ili vipande viwe kitu kimoja. Halafu huja rangi, ambayo hupakwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikingoja iliyotangulia ikauke. Mwenye haraka huona rangi ikichuruzika na kufunika mistari ya milango. Namba na nembo huloweshwa majini na kubandikwa mwishoni. Tofauti na Meccano, modeli hii haifunguliwi tena.

Meccano Ltd ilishindwa kwenda na wakati. Mwaka 1964 ilinunuliwa na kampuni ya Lines Bros, ambayo nayo ilianguka mwaka 1971. Meccano na Dinky zikaenda kwa Airfix, huku treni zenye jina la Hornby zikienda njia nyingine. Novemba 1979 kiwanda cha Binns Road kilifungwa ghafla na wafanyakazi wake wakapoteza ajira. Mwaka 2006 mambo yaligeuka: kampuni ya Hornby ilinunua Airfix pamoja na Humbrol, watengenezaji wa rangi za modeli.

Afrika Mashariki

Reli ya Usambara ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, wakati Meccano ilipokuwa ikianza kuenea Ulaya. Lakini seti zenyewe zilikuwa ghali mno kwa familia nyingi za Kiafrika wakati wa ukoloni.

Watoto wa vijijini, ikiwemo miteremko ya Kilimanjaro, wamekuwa wakijenga magari yao kwa vitu vilivyopo: waya uliokunjwa kwa mkono, makopo, vifuniko vya chupa, vipande vya shina la mgomba, na magurudumu yaliyokatwa kutoka ndala zilizochakaa. Gari la waya lenye usukani mrefu hupinda magurudumu ya mbele kwa kanuni ileile ya gari la kweli. Mtoto anayelijenga hana kijitabu cha maelekezo. Hutazama gari linalopita barabarani na kulinganisha.

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliingia pia katika ulimwengu wa modeli. Mwaka 1965 kampuni ya Corgi, mshindani mkuu wa Dinky, ilitoa gari dogo la Volkswagen lenye alama za mashindano hayo, na ndani ya sanduku lake kulikuwa na kifaru mdogo wa plastiki, mnyama wa porini safari hii.