Ndaye Mulamba, mutu aliyeliliwa mbele ya kufa

Hapa Munigi, ukiuliza nani alikuwa mushambuliaji mukubwa wa AS Vita Club tangu ianze, maneno haiishi. Wazee wanamutaja Kembo Uba Kembo, aliyewafunga Maroc mara mbili mwaka 1973, siku Zaïre ilipopata tiketi ya Kombe la Dunia. Wengine wanasema Mayanga Maku. Siye tunamuweka mbele Ndaye Mulamba.

Alizaliwa 1948 ku Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga. Alicheza kwanza kwao Kasai, kisha Vita ikamuita Kinshasa. Mwaka 1973 Vita ilipigwa 4-2 na Asante Kotoko kule Ghana, na watu wakasema kombe limeenda. Ku Kinshasa Vita ikashinda 3-0 na kuwa bingwa wa Afrika. Washabiki walimuita Ndaye Mutumbula, jina la ule mutu mubaya ambaye watoto wanaogopeshwa naye usiku. Mabeki ndio waliogopa.

Machi 1974, Misri. Aliwafunga Guinée mara mbili, Île Maurice mara moja. Ku nusu finali Misri, wenyeji, walikuwa mbele 2-0. Zaïre ikashinda 3-2, mawili ya Ndaye. Finali na Zambia, inchi ya wachimba shaba kama ndugu zetu wa Katanga: 2-2, yote mawili yake, Zambia ikasawazisha dakika ya mwisho ya nyongeza. Kisha siku mbili wakarudia, 2-0. Ndaye, tena Ndaye. Magoli tisa mu kombe moja. Mupaka leo hakuna aliyefika pale.

Kombe la Dunia Ujerumani tulipite mbio: Yougoslavie 9-0, na mwenye kumupiga refa teke ni Ilunga Mwepu, lakini kadi nyekundu ikaenda kwa Ndaye.

Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi, watu wa silaha wakafikiri ameleta feza. Feza gani? Walimupiga risasi ya mguu, wakamutupa toka ku daraja, na mutoto wake mukubwa akauawa. Vita ilipoanza, 1996, akakimbilia Afrika Kusini peke yake, bila kitu. Familia moja ya mtaa wa maskini ku Cape Town ikamupokea.

Halafu ikaja 1998. Ku Kombe la Afrika, Burkina Faso, habari ikasambaa kwamba Ndaye amekufa mu shimo la almasi kule Angola. Uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja. Ninyi wachimbaji munaelewa: wakisema mutu amefia mu shimo, inaaminika upesi. Hakuna anayeuliza shimo gani, nani alimutoa, amezikwa wapi. Mama zetu wanajua hiyo; mutoto anaenda Rubaya ao Walikale, miezi inapita, mutu anapita na neno moja tu, na matanga inaanza. Kumbe Ndaye alikuwa muzima, bila kazi, pombe imemukamata.

Pole pole alisimama tena. Alioa kule, akafundisha timu za mtaa. Alikufa ku Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, na miaka 70, miaka 21 nyuma ya ile dakika ya kimya.