Habari za Martin Luther Alipokuwa Kijana Mwenye Hofu

Katika sharika zetu za Kyela na Matema, na kando yote ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, jina la Martin Luther hutajwa kila mwaka ifikapo tarehe 31 Oktoba. Watoto wa kipaimara hujifunza Katekisimu yake, nao husimuliwa jinsi alivyosimama mbele ya Kaisari katika mji wa Worms mwaka 1521, asirudi nyuma. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa alizaliwa na moyo wa simba. Sisi mwezi huu tumependa kuwaeleza habari zake nyingine, yaani habari za kijana aliyeshikwa na hofu hata asipate raha usiku wala mchana, na habari za watu waliomsaidia. Maana vijana wa namna hiyo wako hata kwetu. Moyo humdunda kijana bila sababu, hawezi kula, hawezi kuingia darasani wala kanisani penye watu, usingizi humkimbia. Na wazazi wake humpeleka kwa mpiga ramli, ama humkemea kwamba hana imani.

Martin alizaliwa Eisleben, katika nchi ya Wadachi, tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa machimbo ya shaba huko Mansfeld, mwenye bidii na mkali. Mama yake naye alikuwa mkali. Siku moja alimpiga mtoto mpaka damu ikatoka, kwa ajili ya kokwa moja tu. Shuleni alichapwa mara kumi na tano katika asubuhi moja kwa somo ambalo hakuwa amefundishwa. Mambo hayo aliyasimulia mwenyewe alipokuwa mzee, wala hakuwachukia wazazi wake, kwa kuwa alijua walimtakia mema. Lakini alisema ya kuwa ukali ule ulimtia woga. Tena kanisani alimwona Kristo amechorwa ameketi juu ya upinde wa mvua kama hakimu, naye mtoto akageuka rangi kila aliposikia jina lake.

Mwaka 1497 alipelekwa shule Magdeburg, na mwaka uliofuata Eisenach, ambako aliimba milangoni mwa watu ili apate chakula, kama desturi ya wanafunzi wa siku zile. Mwaka 1501 akaingia chuo kikuu cha Erfurt. Wenzake walimwona mtu mcheshi, mpigaji wa kinanda cha nyuzi, mwepesi wa maneno. Hapa tungependa walimu na wazee wa kanisa watulie kidogo. Kijana mwenye hofu kubwa haonekani sikuzote kuwa na huzuni. Pengine ndiye anayewachekesha wengine, naye afikapo chumbani peke yake hutetemeka.

Hata tarehe 2 Julai 1505, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa akirudi Erfurt kutoka kwa wazazi wake, na karibu na kijiji cha Stotternheim tufani ikamkuta njiani. Watu wa Matema hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Wanajua mawingu yashukavyo kutoka milima ya Livingstone, na ngurumo ipigavyo juu ya maji, hata wavuvi wazoefu hukimbiza mitumbwi yao ufuoni. Radi ikapiga karibu naye, akaanguka chini, akamlilia Mtakatifu Anna, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Baada ya siku kumi na tano aliingia nyumba ya watawa wa Augustino. Baba yake alikasirika sana, kwa maana alitaka mwanawe awe mwanasheria.

Yeye alidhani hofu itabaki nje ya mlango. Haikubaki. Alifunga, akakesha, akalala katika baridi kali. Na kila alipokwisha kuungama alirudi tena, akikumbuka dhambi nyingine ndogo aliyoisahau. Mara nyingine aliungama kwa muda wa saa sita. Mwaka 1507, siku aliposoma misa yake ya kwanza, hofu ilimshika mbele ya altare hata karibu akimbie. Hatutasema ugonjwa wake ulikuwa na jina gani, kwa sababu hakuna tabibu awezaye kumpima mtu aliyekufa zamani hivi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa na kijana mwenye wasiwasi mkubwa ataitambua hali hiyo: kuuliza lile lile, kuhakikishiwa, kutulia kitambo, kisha kuuliza tena.

Ndipo alipompata Johann von Staupitz, mkuu wa watawa wa Augustino katika nchi ile. Mzee huyo, kwa maoni yetu, anastahili kujulikana zaidi katika sharika zetu kuliko ajulikanavyo sasa. Alimsikiliza. Hakumcheka, wala hakumfukuza, ingawa mara moja moja alichoka, akamwambia alete dhambi iliyo dhambi kweli kweli, asilete vitu vya kitoto. Alipoona kijana anahangaika kujua kama Mungu amemchagua au amemtupa, hakubishana naye kwa hoja ndefu. Alimwelekeza atazame majeraha ya Yesu Kristo, ambamo upendo wa Mungu unaonekana wazi. Kisha akampa kazi. Alimwagiza asome apate kuwa daktari wa Maandiko, afundishe Wittenberg na kuhubiri. Martin alikataa kwa sababu nyingi, akisema kazi hiyo itamwua upesi. Staupitz akamjibu kwa mzaha kwamba Mungu ana shughuli nyingi, anahitaji wenye akili hata huko mbinguni. Basi tarehe 19 Oktoba 1512 Martin akapewa udaktari, akaanza kufundisha Zaburi, halafu Warumi. Katika kazi ile ile aliyoiogopa ndimo alimopata neno la haki ya Mungu ipatikanayo kwa imani, na Kanisa lote likapata matengenezo.

Yaliyofuata baada ya mwaka 1517 wasomaji wetu wanayajua, hatuna haja ya kuyarudia. Bali liko jambo moja lisilosimuliwa mara nyingi. Tarehe 6 Julai 1527, miaka kumi baada ya zile hoja 95, Luther alikuwa mume na baba, mwalimu wa watu wengi. Siku hiyo uchungu wa roho ulimjia kwa nguvu, na jioni mwili nao ukaanguka, hata akadhani anakufa. Waliitwa rafiki zake, Johannes Bugenhagen na Justus Jonas. Bugenhagen alisikia maungamo yake. Jonas alikaa naye. Mkewe Katharina hakuondoka kando yake. Kwa miezi kadhaa hali ile haikumwachilia, na tauni ilipoingia mjini mwaka ule ule, alibaki kuwahudumia wagonjwa huku yeye mwenyewe akiomba wenzake wamwombee. Basi mtu akisema ya kuwa hofu ya namna hii ni dalili ya kukosa imani, na atueleze kwanza habari za Luther mwaka 1527.

Kwa kuwa alijua njia hiyo, aliwasaidia wengine wapitao humo. Mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, aliyekuwa akimfundisha mwanawe nyumbani, naye alikuwa ameshikwa na huzuni. Alimsimulia jinsi Staupitz alivyomtuliza yeye zamani, akamshauri asikae peke yake, acheze na kufanya mizaha, hata anywe zaidi kidogo. Shauri hili la mwisho hatulipeleki kwenu. Pombe imetutaabisha vya kutosha, na matabibu wa leo wanasema huongeza wasiwasi. Mwaka 1534 alimwandikia Joachim wa Anhalt, mtawala kijana aliyeandamwa na huzuni, kwamba upweke ni sumu kwa vijana, naye apande farasi, awinde, akae na watu wema wenye furaha. Tena alikiri kwamba yeye mwenyewe alipoteza siku zake nyingi katika majonzi.

Wadachi wa misioni ya Berlin, wakiongozwa na Merensky, walipofika kaskazini mwa Ziwa hili mwaka 1891, walileta Katekisimu ya mtu huyo. Katika Usambara nako, nyumba ya Lutindi iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa katika utumwa, iligeuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, na kazi hiyo ya Kilutheri ingali ikiendelea. Serikali nayo ina hospitali ya Mirembe, Dodoma. Lakini mzazi wa Kyela hana lazima ya kuanza safari ndefu. Na amwendee mganga wa zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Kanisa letu pale Matema, aeleze wazi habari za usingizi, chakula, moyo kudunda, na hasa kama kijana amesema hataki kuishi; neno hilo lisingoje hata kesho. Ugonjwa huu hutibiwa kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na pengine kwa dawa. Katekista aliyempeleka na aendelee kumtembelea nyumbani, asije akadhani kazi yake imekwisha mlangoni pa hospitali.

Staupitz hakuliacha Kanisa la Roma. Alikufa Salzburg mwaka 1524, akiwa mkuu wa nyumba ya watawa. Njia zao zilikuwa zimeachana. Hata hivyo mwaka 1545, akiwa mzee, Luther aliandika tena ya kuwa Staupitz alikuwa baba yake katika mafundisho haya. Mwaka uliofuata alisafiri mpaka Eisleben, mji aliozaliwa, ili kupatanisha ndugu wawili watawala waliogombana. Akaugua huko, akafa alfajiri ya tarehe 18 Februari 1546. Hakuwa peke yake. Kando ya kitanda chake alikuwapo Justus Jonas, yule yule aliyekaa naye ile jioni ya mwaka 1527.