GARRINCHA: MATEGE YALIYOITETEMESHA DUNIA

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii tunaikariri sana darasani na kuiandika kwenye insha ili tupate alama, kisha kengele ikilia tunatoka nje kumcheka mwenzetu anayechechemea. Basi wapenzi wasomaji, hebu tulieni kidogo niwasimulie habari za mtu aliyekuwa na miguu ya kuchekwa, akaitumia kuwachezesha walimwengu wote kama watoto, na mwishowe akaangushwa, si na miguu hiyo, bali na chupa.

Jina lake lilikuwa Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1933 katika kijiji cha Pau Grande, wilaya ya Magé, si mbali sana na jiji la Rio de Janeiro nchini Brazil. Mguu wake wa kulia ulipinda kuelekea ndani na wa kushoto ukapinda kuelekea nje, yote miwili ikiinamia upande mmoja kama migomba iliyosukumwa na upepo. Tena mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita kadhaa. Dada yake, Rosa, alipomwona alivyo mdogo wa umbo alimpachika jina la kindege cha kahawia kinachojulikana sana huko kwao: Garrincha. Jina hilo likamganda mpaka kaburini.

Pau Grande kilikuwa kijiji cha kiwanda cha nguo. Baba yake alikuwa mlinzi pale, na kijana naye akaajiriwa kiwandani alipofika umri wa miaka 14. Kazini alikuwa mvivu kupindukia, lakini hakufutwa. Kwa nini? Kiwanda kilikuwa na timu ya kandanda, na timu bila yeye ilikuwa kama chai bila sukari. Hata hivyo, kandanda kwake ilikuwa mchezo tu wala si suala la kufa na kupona. Mwaka wa 1950 Brazil iliandaa Kombe la Dunia, ikashindwa na Uruguay mabao 2-1 katika uwanja wa Maracanã, na nchi nzima ikaangua kilio. Inasimuliwa kwamba siku hiyo Garrincha alikuwa ametulia zake mtoni akivua samaki.

Pamoja na uvuvi na mpira, kulikuwa na jambo la tatu kijijini, na ndilo litakaloturudia baadaye. Jambo hilo ni pombe. Huko Brazil kuna kinywaji kikali kiitwacho cachaça, ambacho hutengenezwa kwa miwa. Ni ndugu wa chang'aa yetu, ila chenyewe huuzwa dukani. Baba yake alikuwa mlevi mkubwa, na Garrincha alianza kuonja mapema mno. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa nyumbani.

Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 19 na tayari ana mke, alipelekwa kujaribiwa katika klabu ya Botafogo jijini Rio. Waliomwona akiingia na miguu ile walidhani wanaletewa mzaha. Beki aliyepangwa kumkaba alikuwa Nilton Santos, mmoja wa mabeki bora kabisa wa Brazil. Mchezo kuanza tu, kijana akampitisha beki huyo kama aliyesimamishwa pale kuwa nguzo, na hata mpira akaupenyeza katikati ya miguu yake. Mchezaji mwingine angenuna. Nilton Santos hakununa. Aliwasihi wakuu wa klabu wamwandikishe kijana huyo mara moja, maana hakutaka siku moja akutane naye akiwa upande wa adui. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa marafiki. Katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bonsucesso, Garrincha alifunga mabao 3.

Alicheza winga ya kulia, na ujanja wake mkubwa ulikuwa mmoja tu. Alisimama na mpira mbele ya beki, akainamisha mwili upande wa kushoto, beki akaufuata mwili, kumbe mpira na miguu vimeshakwenda kulia! Kila beki aliujua ujanja huo. Kila beki alijua kwamba atapitia kulia. Na bado alipita. Ile miguu iliyopinda ilimfanya mtu asiweze kukisia uzito wa mwili wake umeegemea wapi. Kilema ndicho kilichokuwa silaha. Mapema mwaka wa 1958, Botafogo ilipocheza na River Plate ya Argentina jijini Mexico City, beki aitwaye Vairo alipigwa chenga nyingi hata watazamaji wakawa wanapaza sauti ya ole kila mara, kama wafanyavyo kwenye mchezo wa kupigana na fahali.

Mwaka wa 1957 alikuwa ameiongoza Botafogo kuutwaa ubingwa wa Rio kwa kuichapa Fluminense mabao 6-2. Basi mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda Uswidi kwa Kombe la Dunia. Lakini hapo nusura mambo yaharibike. Katika mechi ya kirafiki kule Italia dhidi ya Fiorentina, aliwapiga chenga mabeki na kipa, akafika mbele ya lango tupu, na badala ya kufunga akasimama kumngoja beki mmoja arudi ili ampige chenga tena! Ndipo akaupeleka mpira wavuni. Watazamaji walivunjika mbavu, lakini wakuu wa timu walikasirika. Isitoshe, mwanasaikolojia wa timu alikuwa amewapa wachezaji mtihani, Garrincha akapata alama za aibu, akahesabiwa kuwa mtu asiyefaa kupewa jukumu zito. Pelé, aliyekuwa na umri wa miaka 17, naye alionekana kuwa bado mtoto mno.

Mechi mbili za kwanza Garrincha alikaa nje. Brazil iliifunga Austria 3-0, kisha ikatoka sare ya 0-0 na Uingereza. Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Umoja wa Kisovieti, tarehe 15 Juni 1958 mjini Gothenburg. Kocha Vicente Feola akawaingiza Garrincha na Pelé pamoja. Dakika chache tu tangu refa apulize kipenga, Garrincha alikuwa ameshawazungusha mabeki na kupiga mlingoti wa goli, Pelé naye akapiga mwamba, na Vavá akafunga. Brazil ilishinda 2-0. Ikaitoa Wales, ikaichapa Ufaransa 5-2, na tarehe 29 Juni ikakutana na wenyeji Uswidi katika fainali. Uswidi ndio waliotangulia kufunga. Jibu lilitoka wapi? Lilitoka winga ya kulia. Mara mbili Garrincha alimwacha beki, mara mbili akaumimina mpira mbele ya lango, na mara mbili Vavá akautia kimiani. Mwisho ikawa 5-2, na kwa mara ya kwanza Brazil ikanyakua Kombe la Dunia. Yule aliyefeli mtihani wa mwanasaikolojia sasa alikuwa bingwa wa dunia.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1962, mashindano yalikuwa Chile. Pelé aliumia katika mechi ya pili na hakucheza tena. Brazil nzima ikashika tama. Hapo ndipo Garrincha alipoibeba timu mabegani. Dhidi ya Uingereza katika robo fainali alifunga mabao 2, moja kwa kichwa ijapokuwa hakuwa mrefu, na lingine kwa mkwaju wa mbali uliopinda kama miguu yake. Brazil ikashinda 3-1. Katika mechi hiyo mbwa aliingia uwanjani, akawakimbiza wachezaji mpaka Jimmy Greaves wa Uingereza alipopiga magoti na kumkamata. Inasemekana Garrincha alimpenda mbwa huyo hata akaenda naye kwao.

Nusu fainali ilikuwa na wenyeji Chile mjini Santiago. Garrincha alifunga tena mabao 2, na Brazil ikashinda 4-2. Mabeki walimpiga mateke mchezo mzima hata uvumilivu ukamwishia, akalipiza, na refa akamtoa nje. Akiwa anatoka, kitu kilichorushwa na watazamaji kikampasua kichwa. Kwa bahati nzuri aliruhusiwa kucheza fainali, akaingia uwanjani ingawa alikuwa na homa, na Brazil ikaifunga Czechoslovakia 3-1. Alikuwa miongoni mwa wafungaji bora kwa mabao 4, na akatambuliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Wabrazil walimpa jina la Furaha ya Watu.

Wasomaji wapendwa, ningependa kuweka kalamu chini hapa. Lakini usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi.

Magoti ya Garrincha yalikuwa yameanza kuoza kwa ndani. Miguu ile iliyopinda ilibeba uzito vibaya, na kila chenga ilisaga mifupa. Alihitaji matibabu na mapumziko, lakini klabu ilialikwa ng'ambo kucheza mechi za fedha, na waliolipa walitaka kumwona yeye. Akawa anadungwa sindano za kutuliza maumivu na kusukumwa uwanjani. Alipofanyiwa upasuaji mwaka wa 1964, maji yalikuwa yamezidi unga. Kuhusu fedha, inasimuliwa kwamba alitia sahihi mikataba ambayo haijajazwa malipo, na noti alizopata alizitupa ovyo nyumbani mpaka nyingine zikaharibika. Mtu aliyewahadaa mabeki wa dunia nzima alihadaiwa kwa karatasi na kalamu.

Mwaka wa 1966 Botafogo ilimwuza kwa Corinthians ya São Paulo. Mwaka huo huo alikwenda Uingereza kwa Kombe lake la Dunia la tatu. Dhidi ya Bulgaria, yeye na Pelé walifunga bao moja moja kwa mikwaju ya adhabu. Kisha, tarehe 15 Julai, Brazil ikafungwa na Hungary 3-1 bila Pelé. Hiyo ilikuwa mechi ya 50 ya Garrincha kwa taifa lake na ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Tena ndiyo pekee aliyowahi kushindwa akivaa jezi ya Brazil. Pelé na Garrincha walipocheza pamoja, Brazil haikushindwa hata siku moja.

Nyumbani nako kuliwaka moto. Alimwacha mkewe, aliyemzalia binti 8, akaenda kuishi na mwimbaji mashuhuri Elza Soares. Watu walimtukana sana Elza, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimnywesha. Ukweli ni kwamba Elza alijitahidi kumwachisha pombe. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1969 Garrincha aliendesha gari akiwa amelewa, likagonga lori, na mama mzazi wa Elza akafa. Baada ya hapo alizama zaidi. Mwaka wa 1977 Elza alimwacha, baada ya kupigwa naye. Hili siwezi kulificha eti kwa sababu namsifu. Ushujaa wa uwanjani hauoshi dhambi ya nyumbani.

Alijaribu kucheza katika timu nyingine, zikiwamo Flamengo na Olaria, lakini moto ulikuwa umebaki majivu. Mwezi wa Desemba 1973 watu zaidi ya laki moja walijaa Maracanã kumuaga. Walishangilia, walilia, kisha wakaenda makwao. Mwaka wa 1980 alipandishwa kwenye gari la maonyesho la kikundi cha Mangueira katika sherehe za karnivali, na waliomtazama waliona mtu aliyeduwaa, asiyejua vizuri yuko wapi. Tarehe 20 Januari 1983 alifariki Rio kwa ugonjwa wa ini ulioletwa na pombe. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Mwili wake ulilazwa Maracanã, kisha ukapelekwa Pau Grande juu ya gari la zimamoto huku maelfu wakijipanga barabarani. Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo tusemavyo. Lakini tuzo gani hiyo inayongoja mtu afe? Uwanja mkubwa wa mji mkuu, Brasília, unaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, mwaka wa 2017 ilitangazwa kwamba haijulikani kwa hakika mifupa yake iko wapi katika makaburi ya kwao. Naye Elza Soares alifariki tarehe 20 Januari 2022, siku ile ile aliyokufa Garrincha, miaka 39 baadaye.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji, ni nani aliyekuwa kilema katika hadithi hii? Waliomtazama waliona matege, na matege yalileta makombe mawili. Ulemavu uliomwua haukuonekana kwa macho, na walioujua walikuwa na haja na miguu yake tu. Kwa hiyo wewe unayechekwa kwa umbo lako, ingia uwanjani ucheze. Na wewe unayemshangilia nyota wa timu yetu siku ya Jumamosi, mwulize hali yake siku ya Jumatatu. Hujafa hujaumbika.