Rachel Carson, mtetezi wa samaki wa mitoni

Dawa ya nzige iliponyunyizwa Kaunti ya Isiolo mwaka 2020, wafugaji wa Oldonyiro walikuwa na sababu ya kuuliza maji yangepatwa na nini. Rachel Carson, mwanabiolojia aliyezaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1907, aliliuliza swali hilo mapema.

Katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962, alieleza jinsi DDT iliyomwagwa kwa ndege juu ya misitu ya Kanada mwaka 1954 ilivyoua samoni wachanga wa Mto Miramichi. Waliosalia walikosa hata wadudu wa kula.

Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali, naye (wengi hawakujua) akiugua saratani. Alifariki Aprili 14, 1964. Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1986.