Lois Wilson: Bibi ya Mlevi Aliyerusha Kiatu

Kama kwenu kuna mtu mzima anapiga mtungi hadi familia imechoka, hii stori itakugusa.

Lois alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1891, binti ya daktari. Januari 24, 1918 akaolewa na Bill Wilson, soja aliyekuwa ameanza tu kuonja pombe jeshini. Vita ilipoisha, Bill akaingia Wall Street. Doh ikaja, lakini keroro nayo ikashika kasi.

Lois alijaribu kila kitu. Mwaka wa 1925 waliacha mboka, wakapanda Harley-Davidson na kwenda safari ndefu. Bill alikuwa anachunguza kampuni za kuwekeza, Lois yeye alitaka tu kumtoa karibu na baa. Wapi! Mimba zake nazo zikaharibika, hawakupata mtoto. Soko la hisa lilipoanguka 1929 walisota, wakarudi kwa wazazi wa Lois. Yeye ndiye alienda kuuza dukani Macy's, akirudi jioni anapata jamaa amezima.

Kati ya 1933 na 1934, Bill alilazwa hospitali ya Towns mara nne, shemeji akisaidia na bili. Mara ya nne, Desemba 1934, akaacha pombe na hakuigusa tena maisha yake yote. Mwaka wa 1935 yeye na Daktari Bob Smith wakaanzisha Alcoholics Anonymous, hii AA ambayo hadi Nairobi iko.

Ungedhani Lois alitulia. Zii. Bill sasa alishinda na walevi wenzake. Siku moja alipomwambia wajipange waende mkutano, Lois alimrushia kiatu. Hiyo hasira ilimshtua hata yeye. Kwa miaka karibu 17 kazi yake ilikuwa kumuokoa Bill. Sasa watu wengine walikuwa wamefaulu, na yeye amebaki hajui maisha yake ni ya nini. Akaona kumbe hata yeye alikuwa mgonjwa.

Mwaka wa 1951, Lois na rafiki yake wakaanzisha Al-Anon, vikundi vya familia za walevi. Bill alifariki 1971, siku ya anniversary yao. Lois alimfuata 1988 akiwa na miaka 97.

So ukimpeleka buda ama brathe rehab, usijisahau. Wewe pia unahitaji kupona, hata kama yeye bado hajaacha.