Jean de Heinzelin na kamfupa ka Ishango

Wabeleji wengi walikuja Kongo juu ya dhahabu na kasiteriti. Jean de Heinzelin de Braucourt, aliyezaliwa mwaka 1920, alikuja kutafuta alama za watu wa zamani. Alisomea jiolojia: alijua kusoma udongo tabaka kwa tabaka, namna wale wachimbaji wanaopita hapa Alunguli kwenda Kalima wanaangaliaka changarawe na kujua kama mali iko karibu.

Mwaka 1950 alichimba Ishango, pale mto Semliki unatokaka mu Ziwa Édouard. Mubeleji mwingine, Hubert Damas, alikuwa amekwisha kuokota vyusa vya mifupa hapo mu 1935. De Heinzelin alienda polepole. Kila kitu aliandika kimetoka tabaka gani, juu kitu kikitolewa shimoni bila alama umri wake umepotea, na hakuna profesa wa kuurudisha.

Alikuta vyusa, mifupa ya watu, na kamfupa kamoja ka karibu sentimita 10, kenye kajiwe ka kwarzi ku ncha, lile jiwe watu wa dhahabu wanalifuataka ardhini. Kako na mikato 168, mu mistari mitatu. Hesabuni wenyewe: mstari mmoja ni 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mwingine ni 11, 21, 19 na 9: tena 60. Wa tatu unafanya 48. Yeye aliamini hao wavuvi walikuwa wanacheza na hesabu, na mwaka 1962 aliandika hivyo mu Scientific American ya Marekani. Alexander Marshack aliona ni kalenda ya mwezi. Mabishano hayajaisha, lakini hizo 60 mbili, kwangu mimi, si rahisi kuziita bahati.

Kilichomsumbua ni umri. Konokono za Ishango zilipopimwa zilionyesha miaka kama 21.000. Akakataa: gesi ya volkano ikiingia mu maji ya ziwa, konokono inaonekana ya zamani kuliko ilivyo. Njo maana aliupa mfupa miaka isiyozidi kama 11.000. Sababu ilikuwa nzuri, jibu halikuwa. Mu miaka ya 1980 Alison Brooks na wenzake walirudi kuchimba, na umri ukapanda tena mpaka miaka 20.000 na zaidi.

Alifundisha miaka mingi ku iniversite ya Gand, akachimba Sudan, kiisha Ethiopia. Alikufa Novemba 1998. Mwaka uliofuata jina lake lilitangulia mu andiko juu ya Bouri, kule Ethiopia, ambako miaka milioni 2,5 iliyopita nyama ilikuwa inachunwa kwa mawe.

Kamfupa kenyewe kako Bruxelles, mu jumba la makumbusho ya sayansi. Mtoto wa Beni akitaka kukaona, ni viza kwanza.